Kamera ilisema saa tatu usiku

Najua nimepotea. Kuna mtu kanitumia meseji kuuliza kama nimedisko, jamani sijadisko! Nipo, nimerudi chuo wiki iliyopita, nikakuta foleni ya kusajili kozi, bumu halijaingia, maisha ni yale yale. Ila likizo hii nimerudi na stori moja ambayo imenikaa kooni, na nimeona niiandike hapa kabla UE hazijaanza kutuchanganya.

Kama mnavyojua kwetu ni Msangano, kule wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Ukifika Tunduma usidhani umefika, bado unashuka bondeni kwenye joto na mpunga. Nasisitiza joto, maana wenzangu wa Iringa mkisikia "Nyanda za Juu Kusini" mnadhani sote tunalala na blanketi mbili.

Ba'mdogo wangu ana duka pale, la rejareja pamoja na uwakala wa pesa za simu, na nyuma yake kuna mashine ya kukoboa mpunga. Anaye kijana mmoja wa dukani, mimi namwita Dogo, kwao ni Kamsamba. Dogo analala stoo ya nyuma kama mlinzi. Mwaka huu hesabu za jioni zikawa hazikai sawa, leo inapungua elfu kumi, kesho elfu saba. Basi ba'mdogo akaenda Tunduma kununua mzigo, akarudi na boksi: kamera nne za CCTV, DVR yake, hadi diski ya TB 1 na marobota ya waya. Akaliweka mbele yangu. "Haya mwalimu, wewe si unasoma fizikia? Funga."

Mwenzenu sijawahi kufunga DVR maishani. Nasomea kufundisha fizikia na hesabu kidato cha tatu, sio kupanda bati na ngazi. Lakini nani anataka kumwambia ba'mdogo aliyekulipia nauli miaka miwili kwamba hujui? Nikasema sawa.

Siku ya kwanza nusura niandikwe marehemu. Nilishapanda ngazi, naanza kusukuma waya juu ya dari, bati liko hapo na waya za zamani za taa zimechubuka. Bahati fundi umeme mmoja mzee alikuwa amekuja kukoboa mpunga wake. Akapiga kelele, "We binti, meni swichi umezima?" Sikuwa nimezima. Akanishusha, akazima mwenyewe, akatembeza testa kila mahali kuhakikisha, ndipo akaniruhusu kupanda. Halafu akaniuliza soketi ya DVR ina ethi? Tukafungua, waya wa ethi haupo kabisa, kuna tundu tu la urembo. Akanitengenezea. Wadau, kamera zenyewe zinatumia volti 12, hazitakuua, lakini ukutani kuna 230, na hiyo haijali kama una GPA ya 4.2.

Baada ya hapo kazi ikaenda kwa utaratibu. Hadi diski inaingia DVR ikiwa haina umeme, unaichomeka waya zake mbili, unakaza skrubu nne, unafunga mfuniko. Kisha kebo za picha kutoka kila kamera, kisha runinga na mausi, umeme unakuja mwisho wa yote. Ba'mdogo alitaka DVR ikae chini ya kaunta. Nikakataa: pale pana vumbi la pumba na hakuna hewa, itachemka, halafu mwizi akiingia kitu cha kwanza kubeba ni hiyo hiyo DVR. Tukaiweka stoo kwenye kabati la kufungwa, tukatoboa matundu ya hewa, ikapata na UPS ndogo kwa ajili ya umeme unaokatika katika.

Usiku wa kwanza kamera ya kule kwenye mashine ikazima. Asubuhi ikawaka, usiku ikazima tena. Watu wakaanza kusema mambo ya kishirikina, mimi nikachukua daftari. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.5, mita 60 kwenda na 60 kurudi, ukinzani wake ni kama omu 4.2. Mchana kamera inakula ampea 0.2 hivi, inapoteza volti 0.84, inavumilia. Usiku taa zake za kuonea gizani zinawaka, inakula 0.5, inapoteza volti 2.1, inabaki na 9.9. Lazima ife! Tukahamishia adapta kule kule kwenye mashine, ikatulia. Mnaosema madesa ya umeme hayana kazi mtaani, mpo?

Nikapiga na hesabu ya diski. Kila kamera nimeiwekea megabiti 2 kwa sekunde, ndiyo GB 21.6 kwa siku, kamera nne GB 86.4. TB 1 inakupa siku 11 na kidogo, halafu inaanza kufuta za zamani. Nikamwambia ba'mdogo, ukiibiwa usikae mwezi mzima ndio uje kutafuta. Akafurahi, akaanza kuniita injinia mbele ya wateja. Na mimi nikavimba kichwa. Shikilieni hapo.

Ba'mdogo akataka sasa aone duka kwenye simu akiwa Tunduma. Nikaiunganisha na modemu. Kabla ya hapo nilibadilisha neno la siri, maana ilitoka kiwandani na jina "admin" na sehemu ya neno la siri tupu. Hilo nilikuwa nalijua. Mwaka 2016 kulikuwa na programu inaitwa Mirai, ilizunguka intaneti ikijaribu orodha fupi tu ya maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera, DVR na modemu za watu, ikazikamata kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo zilitumika kuangusha kampuni ya Dyn ya Marekani, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Na hapa hapa Afrika, kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia ilishambuliwa kwa jeshi la aina hiyo hiyo, Mwingereza aliyefanya akahukumiwa London mwaka 2019 miezi 32 jela. Yaani DVR ya duka la mchele inaweza kutumwa kupigana vita isiyoijua. Kwa hiyo nikaweka neno la siri refu, nikaliandika kwenye daftari la ba'mdogo, nikajiona nimemaliza.

Jumamosi nikaenda kwa bibi kulala. Jumapili asubuhi nimepata mtandao, kundi la WhatsApp la ukoo linawaka moto. Ba'mdogo katuma kipande cha video: Dogo yuko peke yake dukani, taa inawaka, anafungua droo, anahesabu noti, anatoka nazo. Juu ya picha imeandikwa 21:40. Yaani saa 3:40 usiku. Duka linafungwa saa 2. Na hesabu ya Jumamosi ilikuwa imepungua shilingi 85,000.

Niwaambie ukweli, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Kitu cha kwanza nilichojisikia ni fahari. Sio huruma wala mashaka. Nilisema moyoni, mitambo yangu imefanya kazi. Shangazi mmoja akaandika "hongera mwanetu msomi" na mimi nikajibu kwa vikofi. Jamani, nilipiga vikofi.

Nilipofika dukani Dogo alikuwa ameshapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikapita pale. Amekaa chini kwenye sakafu, shati limechanika begani, sikuuliza nani kalichana. Akaniona, akasema, "Dada, shikamoo. Mwambie mzee akumbuke, ile ni jioni, yeye mwenyewe ndiye alinituma chenji ya mteja wa mpunga." Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Jioni gani? Mashine imeandika usiku. Mashine ina ugomvi gani na wewe?"

Nikajibu marahaba, nikaondoka. Lakini ile sauti yake ilinifuata. Nikaingia stoo, nikawasha runinga nione ile saa 21:40 mwenyewe. Ba'mdogo alikuwa anaangalia kamera ya kaunta peke yake, na dukani taa inawaka kutwa maana hakuna dirisha. Mimi nikafungua zote nne kwa pamoja. Kaunta, Dogo anahesabu noti. Na kwenye kamera ya nje, saa ile ile 21:40... jua! Jua linawaka, akina mama wanapepeta, kuna trekta, na ba'mdogo mwenyewe na kofia yake anabishana na mteja karibu na mizani.

Wadau, miguu iliisha nguvu. Nikaangalia saa ya DVR ya wakati ule: 14:12. Simu yangu inasema 9:12, saa tatu asubuhi, watu hata uji hawajamaliza. Nikaenda kusimama mbele ya kamera ya kaunta, nikainua simu juu kwenye lenzi, nikarudi kuangalia picha. Tofauti saa tano kamili.

Kosa langu lilikuwa dogo hivi: siku ya kwanza niliweka saa kwa mkono, ikakaa sawa. Lakini kile kipengele cha ukanda wa saa sikukigusa, kilikuwa GMT+8, saa ya China ilikotengenezwa. Sisi ni GMT+3. Nilipoiunganisha na modemu, DVR ikaenda yenyewe kuchukua saa mtandaoni, ikajirekebisha kuwa ya China. Saa 10:40 jioni ya Msangano ikawa 21:40. Mimi sikurudi kuangalia.

Nilirudi kwa mwenyekiti na runinga ndogo begani na DVR mkononi. Ba'mdogo mwanzoni hakukubali. "Mashine ya laki nne itadanganya?" Nikamwambia, ba'mdogo, mashine haijadanganya, mimi ndiye niliyeidanganya. Nikawaonyesha picha zote nne, nikawaonyesha na ile ya simu yangu. Ba'mdogo alipojiona pale kwenye mizani na ile kofia alinyamaza muda mrefu sana. Halafu akasema taratibu, "Ni kweli. Nilimtuma." Akavua kofia. Sijawahi kumwona mtu mzima wa ukoo wetu akimwomba msamaha kijana wa miaka kumi na tisa mbele ya watu. Siku ile nilimwona.

Kwenye kundi niliandika mimi mwenyewe, kwamba kosa ni langu na Dogo hana hatia. Lakini ile video ilishatoka kwenye kundi letu ikaenda makundi mengine, na masahihisho hayana miguu kama umbea. Siku mbili baadaye mtu kutoka Tunduma bado anauliza, "yule mwizi alifungwa?" Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sura ya mtu kwenye kamera yako sio mali yako ya kugawa. Tulibandika karatasi mlangoni, "Hapa pana kamera", na ba'mdogo akakubali picha haitoki nje ya duka, ikihitajika inakwenda polisi tu.

Ile 85,000? Hadi naondoka haijajulikana. Ba'mdogo anahisi alimlipa dereva wa trekta mara mbili.

Kwa mnaotaka kufunga kwenu, someni haya kabla hamjapanda ngazi:

1. Zima meni swichi, pima kwa testa, ethi iwepo. Hujui, ita fundi. Hakuna aibu.
2. DVR ikae penye hewa, pakavu, pamefungwa kwa ufunguo, na UPS.
3. Neno la siri badilisha kabla ya kuunganisha intaneti.
4. Weka ukanda wa saa GMT+3 KWANZA, ndipo uweke saa. Ukishaunganisha mtandao rudi uangalie tena. Inua simu mbele ya kamera ulinganishe.
5. Ukitafuta tukio fungua kamera zote, usiangalie moja. Na muulize mtu kabla hujamhukumu.

Siku ya kuondoka nilimwambia Dogo kama anataka nitamshawishi ba'mdogo tuing'oe ile ya kaunta. Alikuwa anapanga sabuni, hakugeuka. Akasema, "Iache tu dada. Ile ya nje ndiyo iliyonitoa." Kisha akaniomba nimwonyeshe pale saa inapowekwa. Nikamwonyesha, nikampa na kile kitabu cha maelekezo kilichokuja na boksi.

Muhula ujao naenda BTP, nitasimama mbele ya watoto arobaini na kitu na watanipa majina ya wapiga kelele yaliyoandikwa na kiranja kwenye karatasi. Nimeshaanza kufikiria nitaifanyia nini ile karatasi. Ninyi mngefanyaje? Niandikieni hapo chini.

Haya, nawahi prepo, kesho tuna test ya saikolojia ya elimu na sijashika desa hata moja. Tupo pamoja!