Siku Kama ya Leo

Katika shule ninayofundisha hapa Bariadi mjini, kila asubuhi swali moja huandikwa kwenye ubao ulio karibu na ofisi ya walimu: siku kama ya leo, mwaka fulani, kulitokea nini? Huandikwa kwa chaki, mara nyingi zile zinazotengenezwa na vijana wa Maswa, na majibu hutolewa mstarini, kwa alama, kabla ya watoto kuingia madarasani.

Nalipenda zoezi hili na nitalitetea popote. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivi huanza kuona kwamba mambo makubwa yalifanywa na watu siku za kawaida kabisa, Jumanne yenye vumbi kama hizi zetu. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alikuwa kijana wa miaka ishirini. Huko Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alichomoka tangu mlio wa bastola na hakuna aliyempita mpaka mita 1,500 zilipokwisha. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Wanafunzi wakisikia hayo huinua vichwa. Nami huwaambia kila mwaka, wala sichoki: anayeongoza tangu mwanzo hana mgongo wa mtu wa kuufuata, lazima ajipimie mwendo mwenyewe.

Tarehe 5 Februari huleta ubishi mtamu, maana wapo wanaosema Azimio la Arusha na wapo wanaosema kuzaliwa kwa CCM. Wote wamepata, la kwanza ni 1967, la pili ni 1977.

Mwezi Machi tunajiuliza wenyewe. Machi 2012 serikali ilianzisha rasmi mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu yetu, iliyomegwa kutoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Wapo vijana waliozaliwa hapa hapa Bariadi ambao vyeti vyao vya kuzaliwa vinasomeka Shinyanga. Wanashangaa kutambua kwamba wao ni wakubwa kuliko mkoa wao. Nadhani mshangao huo una faida kubwa kuliko alama, kwa sababu kijana anayejua kwamba mkoa wake ulianzishwa juzi tu anajua pia kwamba bado unajengwa, na kwamba wa kuujenga ni yeye.

Lakini ipo tarehe ambayo hatutoi alama. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikitokea Bukoba, ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma. Mwaka mmoja kijana alijibu upesi, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, wenzake wakapiga makofi. Msichana aliyekuwa nyuma yake akasema taratibu kwamba babu yake alikuwa humo. Makofi yakakatika. Tukamwomba atueleze kama yuko tayari, akaeleza: babu alikwenda kumsalimia dada yake aliyeolewa Kagera, akaaga kwamba angerudi kabla ya msimu wa kuuza pamba. Hakuwa na mengi ya kusema zaidi ya hayo. Nilitazama nyuso za wale waliokuwa wakipiga makofi, nikaona kwamba sasa tukio lile limewaingia. Siku hizi, tarehe hiyo ikifika, tunamtafuta mwenye habari ya nyumbani kwao azungumze, nasi wengine tunasikiliza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama wazee wetu kwa jicho jingine. Bibi yangu anaishi Itilima. Kitambulisho chake cha taifa kinasema amezaliwa tarehe 1 Julai, tarehe aliyokadiriwa siku ya kuandikishwa, maana hana nyingine. Ukimuuliza mwaka wowote atakuambia hajui. Ila muulize walihama lini, ujiandae kukaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Hayo yamo kwenye vitabu, na mwanafunzi wangu yeyote anaweza kuyajibu. Bibi anayajua kwa namna nyingine: fito na milango vilipakiwa kwenye lori, kihenge hakikupakilika, mtama uliokuwamo ukatolewa kwa ungo usiku kucha, na jiwe la kusagia akalibeba kichwani mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine asije akalivunja. Jiwe hilo bado analo. Linasagia karanga.

Watoto wetu wana tarehe bila watu, na wazee wetu wana watu bila tarehe. Pande hizi mbili zinalala nyumba moja, zinakula ugali mmoja, na mara nyingi hazijaulizana neno. Huo ni umaskini ambao hauhitaji bajeti kuuondoa.

Na hata ya juzi yanatuponyoka. Mwaka 2018, 2019 na 2020, maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika kwetu Nyakabindi. Hotuba za viongozi zimehifadhiwa. Mama aliyepika chakula cha wageni pale, akapata mtaji wa kwanza maishani mwake, nani ameandika habari zake?

Mzazi mwenzangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, mnunulie mwanao daftari moja la ziada. Mwambie amwendee mzee kuliko wote katika ukoo, amsalimie vizuri, aulize, aandike: jambo gani, mahali gani, nani alikuwepo. Kama mzee hana mwaka, mtoto autafute mwenyewe. Afanye hivyo likizo hii, mzee angali anasikia na kukumbuka.