Dawa Mbili, Mwaka wa Mgao

Mwaka 2000 ulinikuta Embu mjini, mjane, na kamera ya marehemu mume wangu: Yashica ya lenzi mbili. Ukame ulikuwa umepunguza maji ya Mto Tana, stima ikawa ya mgao. Kinachoudhi ni kwamba mabwawa yenyewe ya stima, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yako huko chini ukishuka Mbeere. Majirani wa stima, tukaenda kununua mafuta ya taa.

Studio iliyokuwa ikinioshea filamu ilifunga mchana kutwa. Filamu za harusi moja ya Siakago zikarudi gauni limeungua, nyuso hazionekani, na wenye harusi hawakulipa. Karo ilidaiwa. Mwenye nyumba alishaanza kunisalimia kwa kifupi.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya studio zamani kule Makutano, Meru, ndiye aliyenifungua macho. "Mwanangu," aliniambia, "huna stima, huna kipimajoto. Tafuta dawa isiyokuuliza hayo."

Dawa yenyewe ya kuoshea filamu ni mbili. Ya kwanza ni metoli gramu 5 na salfaiti ya sodiamu gramu 100 katika lita moja ya maji. Ya pili ni borakisi gramu 10 kwa lita. Ukimwaga ya kwanza, unatia ya pili bila kusuuza katikati. Filamu huinywa ile ya kwanza kama maharagwe yaliyolowekwa. Ikikutana na borakisi, metoli iliyomo ndani huamka. Penye mwanga mkali huchoka upesi na kazi ikasimama hapo. Penye kivuli huendelea taratibu. Bwana harusi mweusi ndani ya suti nyeusi anatokea na macho yake, na shela la mkewe halichomeki. Kwa jua letu la saa saba, sijaona dawa bora.

Dakika nne katika ya kwanza, nne katika ya pili. Dawa ya kawaida hutaka nyuzi 20, ikizidi kidogo hesabu imeharibika; hii ilivumilia baridi ya Julai ya Embu na joto la Kiritiri.

Filamu niliitia kwenye tangi usiku, blanketi dirishani, watoto wamekatazwa kugusa mlango. Metoli huwasha ngozi, nami glavu sina, basi nilifunga mikono kwa mifuko ya plastiki. Maji yalikuwa ya kubeba. Baada ya haipo, dawa ya kukaza picha, nilijaza tangi maji, nikaligeuza mara 5, nikamwaga. Maji mengine, mara 10, nikamwaga. Mengine tena, mara 20, nikamwaga. Inatosha kabisa. Negativu ya sentimita 6 kwa 6 niliilaza juu ya karatasi ya picha chini ya kioo, nikamulika tochi kidogo. Taa yangu ya kazi ilikuwa tochi nyingine iliyofunikwa kitambaa chekundu.

Picha za pasipoti, za chama cha akina mama, za matanga: hizo ndizo zilizotulisha. Stima iliporudi sawasawa, harusi zilifuata mashine za picha za rangi, lakini karo ilikuwa imelipwa, na kodi pia. Mungu ni mwema.

Nilimpelekea yule mzee chupa ya dawa ya kwanza, nimeizungushia gazeti. Kwenye matatu ya Meru kondakta aliinusa akaniuliza, "Mama, hii ni ya kuuza?"