Dirisha Dogo

Siku timu yetu inaposhinda narudi Buhare kwa bodaboda, na kijana wa pikipiki simbishii bei. Siku inapofungwa narudi kwa miguu. Nimekuwa na desturi hiyo tangu mwaka 2018, Biashara United Mara ilipopanda Ligi Kuu na Uwanja wa Karume pale Musoma ukaanza kupokea timu ambazo vijana wetu walizoea kuzisikia redioni tu. Majirani wanaifahamu. Wakiniona napita karibu na Chuo cha Maendeleo ya Jamii, viatu vimejaa vumbi, hawaniulizi matokeo. Wananipa shikamoo, naitikia, wananiacha nipite.

Msimu ninaotaka kuueleza ni ule wa 2021/22, na hasa zile wiki za katikati ambazo watu wa kandanda huziita dirisha dogo. Ndugu msomaji usiyefuata mpira, dirisha dogo ni kipindi kifupi katikati ya msimu ambacho timu huruhusiwa kuongeza wachezaji, kuwaacha, au kuwachukua kwa mkopo. Mwaka ule lilifungwa katikati ya Januari 2022. Ligi ilikuwa na timu 16, kila timu ikicheza michezo 30, kwa hiyo mwenye macho alikuwa ameshaona timu yake inavuja wapi.

Sisi tulivuja mbele. Nyuma hatukuwa wabovu. Tarehe 28 Septemba 2021 Simba ilikuja Karume, ikatoka 0–0, na hata penalti ya John Bocco ya dakika za mwisho haikuingia. Siku ile nilirudi kwa bodaboda ingawa hatukushinda. Niliona sare na Simba yatosha kuhesabiwa ushindi. Oktoba, katika Kombe la Shirikisho la Afrika, tuliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2–0 pale Dar es Salaam. Mchezo wa marudiano haukuchezwa. Safari ya Libya ilikwama, CAF ikatuondoa, na vijana ambao miguu yao ilikuwa imewapeleka mbele wakabaki huku huku nyumbani. Nadhani kitu fulani kilivunjika ndani ya timu siku zile, lakini hayo ni mawazo ya mzee wa jukwaani, siwezi kuyathibitisha. Ninachojua ni kwamba tuliporudi kwenye ligi tulikuwa tunatengeneza nafasi na kuzipoteza. Tarehe 26 Desemba tulitangulia kuifunga Yanga kwao Dar es Salaam, tukaishia kufungwa 2–1.

Usiku ule nilipiga simu Marekani. Mpwa wangu anaishi Minneapolis, na katika ukoo wetu ndiye pekee tunayeweza kuzungumza naye michezo kwa saa nzima bila mtu mwingine kuchoka, maana hakuna mwingine anayesikiliza. Alipofika kule aliupenda mchezo wao wa besiboli, ambao mimi hadi leo nauelewa nusu. Ninachojua ni kwamba yupo mrushaji, anayemrushia mpira mtu mwenye gongo, na timu isiyo na mrushaji mzuri ni kama nyumba isiyo na mlango.

"Mjomba," aliniambia, "afadhali nyie. Sisi yule mrushaji wetu bora tumemtoa wenyewe."

Alikuwa bado anaugulia mambo ya Julai. Timu yake, Minnesota Twins, ilikuwa imeongoza kundi lake mwaka 2019 na 2020, kisha mwaka 2021 ikaporomoka hadi mkiani. Kule wanalo dirisha lao, mwisho wake huwa siku hizo za mwisho wa Julai, msimu ukiwa umevuka nusu. Tarehe 30 mwezi ule walimpeleka mrushaji wao José Berríos kwa Toronto, wakapewa vijana 2 ambao mpwa wangu hakuwahi hata kuwaona wakicheza. Siku chache kabla walikuwa wamempeleka Tampa mpigaji wao mkongwe Nelson Cruz, nako wakapewa vijana 2, mmoja wao mrushaji aitwaye Joe Ryan. Mpwa wangu aliyataja majina hayo kama mtu anayetaja vitu vilivyoibwa nyumbani kwake.

Nilimuuliza kama hao wachezaji wanaulizwa kwanza. Akacheka. Akanieleza kuwa ukitumikia ligi miaka 10, na 5 ya mwisho ukiwa katika timu moja, una haki ya kukataa. Wengine huiandikisha haki hiyo katika mkataba. Asiye na haya wala yale anapigiwa simu asubuhi, jioni ni mtu wa mji mwingine.

Nikasema, huo ni uhamisho kwa manufaa ya umma. Hakunielewa, hajawahi kuwa mtumishi wa serikali.

Lakini mawazo yangu usiku ule hayakuwa kwa wanaohamishwa. Yalikuwa kwa mshambuliaji. Nilimweleza kwamba wenzake angalau hutoa mtu wakapata mtu, ilhali kwetu mchezaji akimaliza mkataba huondoka na begi lake na klabu ndogo hubaki imeshika hewa. Kwa hiyo, nikasema, hatuna budi kuleta mtu wa kufunga, popote atakapotoka, na aje sasa. Nilikuwa na hoja. Mwaka wetu wa kwanza katika Ligi Kuu tulikuwa taabani, kocha Amri Said akaja msimu umeshaanza, tukanusurika. Msimu wa 2020/21 kocha Francis Baraza alituacha njiani akaenda Kagera Sugar, akaja Mkenya mwenzake Patrick Odhiambo, tukamaliza nafasi ya 4, na ndiyo iliyotufikisha kwenye mashindano ya Afrika. Mabadiliko ya katikati ya safari yalikuwa yametufaa mara mbili. Ya tatu yangetushinda nini?

Basi Januari yote nilikuwa mhubiri wa jambo hilo. Kwa fundi baiskeli, kwenye kahawa, msibani pia, Mungu anisamehe. Wachezaji wapya wakaja. Miongoni mwao alikuwamo kijana mshambuliaji ambaye jina lake silitaji, maana hana kosa lolote katika habari hii.

Nilimwona kwa mara ya kwanza Karume, katika mchezo mmoja wa duru la pili. Dakika za mwanzoni alipewa pasi nzuri, akabaki yeye na mlinda mlango, akapaisha. Baadaye akapewa nyingine, lakini aliyempa aliupeleka mpira mbele yake, naye alikuwa ameshasimama akiusubiri miguuni. Ikawa hivyo mara tatu au nne. Nilisimama. Mimi ni mwalimu mstaafu, sauti yangu imezoea madarasa ya watoto 50, haihitaji kipaza sauti. Nilimwambia arudi alikotoka, na hela yetu airudishe. Jukwaa likacheka, nami, kwa aibu naandika, nikafurahi kuchekesha. Akageuka akatazama upande wetu. Nilirudi Buhare kwa miguu.

Siku chache baadaye nilikwenda Mwigobero kutafuta samaki. Kijana mmoja mrefu alikuwa anafungiwa dagaa kwenye mfuko, akimwomba mama muuzaji aufunge vizuri kwa kuwa unasafiri mbali. Nilimtambua kabla hajageuka. Ningeweza kuondoka, lakini mama yule ananifahamu, akaniita kwa sauti, "Karibu Mwalimu!" Kijana akageuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nilijua amenijua. Aliniangalia muda kidogo kuliko inavyohitajika kwa salamu. Kisha akasema kwa adabu, bila kupandisha sauti, "Mzee wangu, mimi nilifika hapa Jumanne. Jumamosi nikapangwa. Yule anayenipa mpira hata jina lake nilikuwa silijui." Akachukua mfuko wake, akaniaga, akaenda zake.

Nilisahau nilichofuata pale. Mama muuzaji aliniuliza mara mbili.

Mwezi Julai 1989 nilihamishwa kutoka mkoa huu kwenda shule moja ya sekondari mkoani Ruvuma. Barua ilisema kwa manufaa ya umma, na niripoti ndani ya siku 14. Mke wangu alikuwa mjamzito, nikamwacha kwa wazazi wangu. Nilifika nikakabidhiwa Hisabati ya kidato cha nne, mtihani wa taifa ukiwa Novemba. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameondoka bila kuacha hata maandishi ya alikofikia. Nilianza mada ambayo walikuwa wameshaisoma, nikairuka ambayo hawakuigusa. Majina yao niliyajua walipokuwa wanakaribia kuondoka. Matokeo yalipokuja yalikuwa mabaya sana, na katika kikao cha wazazi mkuu wa shule alisema, mimi nimeketi palepale, kwamba walikuwa wameomba mwalimu wakaletewa yule waliyeletewa. Wazazi wakacheka. Si wengi, wachache tu. Kicheko kile nimekaa nacho miaka zaidi ya 30, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kufikiri kwamba nami ninao uwezo wa kumsababishia mtu kingine kama hicho.

Mwaka wa pili darasa langu lilifanya vizuri. Nilikuwa mtu yuleyule, na hisabati ileile.

Ndiyo maana leo maoni yangu kuhusu dirisha dogo yamegeuka, ingawa sikubali kwamba yamekuwa laini. Naamini kocha anaweza kuja katikati ya msimu akafaa, kwa sababu anakuja na maneno, na maneno yanashika haraka. Mlinda mlango naye pengine, maana kazi yake anaifanya karibu peke yake, kama yule mrushaji wa mpwa wangu. Lakini mshambuliaji anaishi kwa mguu wa mwenzake. Lazima ajue kwamba huyu winga akiinamisha kichwa atapiga krosi, na yule kiungo akigeukia kushoto hatoi pasi. Hayo huyapati kati ya Jumanne na Jumamosi. Klabu kubwa inaweza kumlea mtu huyo benchini miezi 3. Sisi tulihitaji mabao wiki ileile, tukamtwika mgeni mzigo ambao wenyeji ulikuwa umewashinda, na mimi nikasimama kumzomea kwa kuuangusha. Na wakati sisi tunatazama barabara ya Mwanza kuona basi linashusha nani, vijana waliokua wakicheza mchangani pamoja, wanaojuana hadi kikohozi, walikuwa palepale Musoma. Sisemi wangetuokoa. Nasema hatukuwatazama.

Hatukuokoka. Mwishoni mwa Juni 2022 Biashara United ilishuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza. Kwa miezi minane tu tulikuwa tumetoka kwenye kuwafunga Walibya hadi kwenda ligi ya chini. Mwaka 2024 tulifika hatua ya mchujo wa kurudi Ligi Kuu, Tabora United ikatuzuia mlangoni.

Yule kijana aliondoka Musoma msimu ulipokwisha. Nilitaka kumtafuta kabla hajaenda nikamwombe radhi. Nikajiambia nitakwenda kesho, halafu kesho kutwa, kama afanyavyo mtu mwenye aibu, mpaka nikasikia ameshapanda basi.

Mpwa wangu yeye amepoa. Yule Joe Ryan waliyempata kwa mzee Cruz akaja kuwa nguzo ya timu yao. Oktoba 2023 Twins ikakutana na Toronto katika mchujo, na mchezo wa pili aliyesimama kuwarushia mipira akawa ni Berríos yuleyule waliyemtoa. Twins ikashinda michezo yote 2. Mpwa wangu alinipigia alfajiri ya kwetu akipiga kelele, akasema watu pale uwanjani kwao walikuwa wakiliimba jina la Berríos kwa kumkejeli.

"Walimwimba vipi?" nilimuuliza. "Si alikuwa wenu huyu, miaka yote ile?"

"Mjomba, mpira ni mpira," akasema.

Sikumjibu, maana sikuwa na haki ya kumfundisha adabu ya jukwaani.

Karume bado naenda. Katika msimu mmoja baada ya kushuka, dirisha dogo likiwa limetoka kufungwa, aliingia uwanjani mchezaji nisiyemfahamu, akapoteza mipira 3 mfululizo. Walio nyuma yangu wakaanza. Nikamgeukia mtu niliyeketi naye nikamuuliza huyu kijana amefika lini. Akasema hajui, na kwani inahusu nini. Nikainuka nikashuka ngazi kwenda kumtafuta anayejua.