“Hufuta folda”: maneno mawili yaliyoniponza

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, na sababu ni maneno mawili tu. Ngojeni niwasimulie.

Chama chetu kina anwani yake ya barua pepe kwenye seva ndogo ninayoitunza mwenyewe. Barua zimerundikana humo tangu 2012, na kila anayetafuta risiti hunilaumu mimi. Nikaona hapa ndipo pa kujaribia wakala wa akili unde, yaani ile programu unayoiambia jambo kwa lugha ya kawaida, nayo ikajichagulia zana za kulitekeleza. Nikaandika zana chache kwa kufuata itifaki ya MCP, ile iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024: kusoma barua, kuhamisha barua, kuunda folda, kufuta folda. Kila zana huandikiwa maelezo ambayo wakala huyasoma kabla ya kuamua kuitumia. Kwa hii ya mwisho niliandika: “Hufuta folda.” Nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu nikamwagiza wakala aondoe folda zisizotumika. Akafuta kumi na moja. Mojawapo iliitwa Shamba, na haikuwa imepata barua mpya tangu 2017. Humo ndimo yalimokuwa mawasiliano yetu yote na wakili kuhusu ploti tuliyonunua, pamoja na mkataba wa mauzo uliopigwa skani. Katika kumbukumbu za kazi yake, wakala alikuwa ameandika bila wasiwasi wowote kwamba barua zilizomo hazitapotea, zitaonekana bado kwenye orodha ya barua zote.

Kwenye Gmail angekuwa sahihi. Huko kinachofanana na folda ni lebo tu. Ukiifuta, barua zinabaki. Lakini seva yangu ni ya IMAP ya kawaida, na amri ya DELETE ya IMAP huondoa folda na kila kilichomo, haipitii kwenye taka. Waraka wa RFC 3501 ulieleza amri hiyo mwaka 2003, na RFC 9051 ulioushika nafasi yake 2021 haukuibadilisha tabia hiyo. Mimi nilijua haya yote. Wakala angejuaje, na maelezo yangu hayakusema hata barua zinakwenda wapi?

Mwanaprogramu mwenzangu akisoma “Hufuta folda” atasita kidogo, kisha atanipigia simu: “Boss, na barua zilizomo je?” Wakala hapigi simu. Pengo nililoliacha alilijaza kwa kile kinachofahamika zaidi, akaendelea na kazi.

Basi nikaandika upya: “Huondoa folda PAMOJA na barua zote zilizomo. Barua haziendi kwenye taka na haziwezi kurudishwa. Folda ndogo zilizo chini yake hazifutwi. Usiitumie kupanga barua. Tumia zana ya kuhamisha. Ukijibiwa kwamba folda haipo, acha hapo hapo. Usijaribu jina linalofanana.” Sentensi hiyo ya mwisho niliiongeza baada ya jaribio moja kwenye akaunti ya bure bure: niliagiza kufutwa kwa “Risti”, kwa kukosea herufi, naye akajibiwa haipo, akaenda kwa “Risiti”. Alidhani ananisaidia, jamani.

Lakini maelezo si kufuli. MCP ina alama iitwayo destructiveHint ya kuonya kwamba zana inaharibu, ila hata itifaki yenyewe inaita hiyo dokezo tu. Kwa hivyo nikaibadilisha na zana: sasa inatumia RENAME kuisogeza folda chini ya Taka, nami naimwaga kwa mkono baada ya siku 30. Na hapo maelezo yangu mapya, niliyoyaonea fahari, yakawa uongo siku iyo hiyo. Barua sasa zinarudishika, na RENAME huzibeba folda ndogo zote. Nikaandika mara ya tatu.

Nakala za akiba? Msiniulize. Diski ilikuwa imejaa miezi minne.

Aliyetuokoa ni mama mweka hazina. Yeye hupakua barua kwa POP3 kwenye laptopu yake kuukuu, tabia ambayo nimemcheka miaka mingi. Kila barua aliyotuandikia wakili ilikuwa humo, mkataba nao. “Kijana wangu,” akaniambia, “ungeniuliza kwanza.” Tulizomwandikia sisi ndizo hazikuwepo. Tunaziokota vipande vipande kwenye majibu ya wakili, pale alipoacha maneno yetu chini ya yake. Mkutano wa chama ni Jumamosi, na ajenda ya kwanza ni mimi.