Njia ya Bunkeya Yaipima Motokari

Wazazi wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanao wazee wao ndani ya nchi, mbali na lami. Mwaka mzima kazi na masomo huwafunga mjini, lakini likizo ya Noeli inapokaribia, watoto huuliza: «Baba, mwaka huu tutakwenda kwa babu?» Na baba ajua kwamba jamaa isiyowatembelea wazee wake husahau hata majina yake yenyewe: watoto hawajui tena shangazi ni nani, wala kaburi la bibi liko wapi. Ndiyo sababu wengi huweka akiba miaka kadhaa wapate motokari yenye kuvuta kwa magurudumu manne, ile watu waiitayo «katre-katre». Na kwa kuwa mpya haifikiwi na mshahara wa mwalimu wala wa mfanyakazi, hununua iliyokwisha kutumika.

Hapo ndipo hatari ilipo. Motokari zimepangwa uwanjani, zimeoshwa, zang'aa kama sahani za harusi. Mnunuzi aitazama rangi. Muuzaji amtazama mnunuzi. Mwezi mmoja baadaye akiba ya miaka mitano yaweza kuwa imelala chini ya mwembe, na babu bado angoja.

Leo, wasomaji wapendwa, twataka kusafiri pamoja nanyi katika njia moja tu, kutoka Lubumbashi hadi Bunkeya, tuone njia yenyewe inaidai motokari vitu gani. Kwa maana si muuzaji wala jirani apaswaye kutuchagulia motokari. Apaswaye ni njia.

Bunkeya wengi waijua kwa masomo ya shule. Ulikuwa mji mkuu wa Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akajenga ufalme mkubwa wa Garanganze katika karne ya 19. Misafara ilifika kwake kutoka pwani ya mashariki na kutoka pwani ya magharibi, ikichukua shaba, chumvi, pembe za tembo na, kwa huzuni, watumwa. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na Bayeke huikumbuka siku hiyo huko Bunkeya. Basi mtu atakaye kuwaonyesha watoto wake mahali hapo katika siku za ukumbusho, au kula Noeli na wazee, yampasa kusafiri katikati ya masika, wakati njia za Katanga zinapokuwa mbaya kuliko nyakati zote. Motokari ipitayo vizuri mwezi wa Julai bado haijatoa ushuhuda wake.

Juu ya lami

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni mwendo wa kilometa 120 hivi, na njia ni ya lami. Pande zote mbili msitu umekatwa kwa makaa. Vichuguu vya mchwa vimesimama virefu kushinda nyumba. Na karibu na Likasi vyaonekana vilima vyenye shaba, ambavyo miti huvikataa, na majani mafupi tu na viua vidogo huvivumilia. Mtu angedhani kwamba hapa motokari haipimwi. Sivyo. Hapa hupimwa breki, usukani na macho ya dereva.

Njia hii imejaa malori marefu yachukuayo shaba na kobalti kwenda mpakani Kasumbalesa. Sasa, motokari nyingi zilizotumika hutoka Japani, hushushwa bandarini Dar es Salaam, hupita Zambia na kuingia kwetu. Usukani wake uko kuume, kwa sababu Japani, Tanzania na Zambia watu huendesha upande wa kushoto. Sisi twaendesha upande wa kulia. Dereva aketiye kuume nyuma ya lori haoni mbele mpaka ametoa karibu motokari nzima katikati ya njia, na pengine lori la pili laja. Hivyo anayekwenda safari na mke na watoto afadhali atafute yenye usukani wa kushoto, hata ikiwa imezeeka kidogo zaidi. Tena, kabla ya kulipa, na aulize ofisi za serikali sheria iliyopo juu ya usukani wa kuume na ushuru wake, asisadiki maneno ya mpita njia.

Jambo jingine la lami: katika motokari nyingi za kizamani, magurudumu ya mbele hayavuti mpaka dereva ameyafunga, na zingine hudai ashuke na kugeuza kifungo kwa mkono katikati ya kila gurudumu. Yafungwe katika matope na mchanga tu. Juu ya lami kavu vyuma vya ndani hushindana wakati wa kupiga kona, mwisho huvunjika. Muulize muuzaji namna ya kufunga na kufungua, ukajaribu mwenyewe. Motokari nyingine za kuvuta kwa manne hazijavuta kwa manne tangu miaka mingi, na mwenyewe hajui.

Juu ya udongo mwekundu

Ukipita Likasi, unaacha lami na kuelekea kaskazini. Udongo ni mwekundu, na malori yameuchora mawimbi madogo kama ubao wa kufulia. Mawimbi hayo hutikisa kila msumari. Hapa njia yauliza: mifupa yako ni ya namna gani?

Motokari ni za aina mbili. Ya kwanza ina shasi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kama ngazi, na bodi imewekwa juu yake. Ndivyo zilivyo Land Rover za kizamani, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Ndivyo zilivyo Land Cruiser za namba 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984. Na ndivyo ilivyo hata Suzuki Jimny ndogo. Ya pili haina shasi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Hivyo ndivyo ilivyo Toyota RAV4, iliyotoka mwaka 1994. RAV4 ni motokari njema ya mjini, haili esansi nyingi, na wakati wa kiangazi itafika mbali. Lakini kuipakia watu na magunia ya unga kila Noeli katika njia ya mawimbi ni kumtwika mbuzi mzigo wa punda.

Katika ngazi ya shasi tafuta nyufa na mahali palipounganishwa tena kwa moto, hasa karibu na springi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu hunyamaza. Rangi mpya nyeusi chini ya motokari ya miaka 20 haikupakwa kwa ajili ya uzuri.

Ndani ya dembo

Kila mtu wa Katanga ajua dembo: bonde pana la majani, bila miti, ambalo maji ya mvua hukaa ndani yake miezi mingi. Wakati wa kiangazi udongo wake mweusi hupasuka. Masika ni ugali usioiva. Njia ya ndani haiwezi kuyakwepa madembo yote, na mtihani mkubwa uko hapa.

Dembo lauliza mambo matatu. La kwanza ni urefu toka chini: usipime kwenye mlango, pima kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo kilicho katikati ya mhimili wa magurudumu, maana ndicho kitakachokwama juu ya tuta. La pili ni vitesi vifupi, yaani mkono wa pili ulio kando ya ule wa kawaida, uipao motokari nguvu nyingi kwa mwendo wa pole. RAV4 haina; Land Cruiser na Jimny zinavyo. Bila vitesi vifupi dereva hukimbilia matope kwa mbio, na mbio ndizo zivunjazo vitu. La tatu ni mipira. Ubavuni mwake pana tarakimu nne ndani ya duara dogo: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zaidi ya miaka kumi, hata ukiwa na meno mazuri, umekwisha kukauka. Usimpandishe mtoto juu yake.

Kuhusu mito: shuka kwanza, ingia kwa miguu na fimbo, pima kina na nguvu ya maji. Maji yakivutwa na injini pamoja na hewa, injini huvunjika ndani kwa mara moja. Na daraja la magogo likaguliwe na baba, watoto wakivuka kwa miguu. Hakuna aibu katika kungoja maji yapungue. Wazee wetu walingoja siku nzima kandokando ya mto, wakafika.

Mahali pasipo duka la vyuma

Mbali na lami hakuna fundi mwenye mashine ya kusoma ugonjwa wa motokari ya kisasa. Kuna kijana mwenye funguo chache, waya na akili nyingi. Basi chagua injini ambayo kijana huyo aweza kuifungua. Injini ya mazuti ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, iliyoanza kuwekwa mwaka 1990, ni nzito na haina mbio, lakini haina vyombo vingi vya umeme vya kuiongoza, na vyuma vyake hupatikana. Injini mpya za mazuti husukuma mafuta kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu membamba. Zina nguvu na hula kidogo, lakini mazuti yenye maji au vumbi kutoka pipa la kijijini huziua. Mwenye nayo abebe vichujio viwili vya akiba na mazuti yake mwenyewe.

Siku ya kuitazama, fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda amekuficha jambo. Moshi wa samawati wasema kwamba injini inakula mafuta yake ya kulainisha. Moshi mweupe usioisha wasema kwamba maji huenda yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha mafuta: ukiona kitu kama maziwa, funga, salimu, ondoka. Inua zulia, unuse: motokari iliyozama katika mafuriko hubaki na harufu ya matope. Saa ya kilometa usiiamini. Amini mpira wa pedali na ngozi ya usukani, kwa maana hivyo havirudishwi nyuma. Namba iliyochongwa kwenye shasi na ilingane na ile ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Abiria aliye mdogo

Yabaki neno ambalo njia yenyewe haisemi, ila mama hulisema. Land Cruiser ndefu, ile ya namba 78 iliyozoeleka katika misioni nyingi, ina mabenchi nyuma yanayotazamana. Yachukua watu wengi, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini watoto walioketi ubavu, pasipo mkanda, hutupwa kama maboga siku motokari inapopinduka. Ya namba 76 ina milango minne ya pembeni na viti vitazamavyo mbele. Jamaa ya watu watano na itafute hiyo au iliyo mfano wake, ihakikishe kila mtoto ana mkanda wake uliofungika. Mtoto wa magotini hana mkanda. Mikono ya mama haitoshi. Tena mizigo mizito ikae chini, si juu ya paa: gunia la unga juu ya paa ndilo livutalo motokari kando katika mteremko. Watu wakizidi viti, wengine watangulie kwa basi.

Juu ya fedha, shauri letu ni hili: katika kila mafungu manne ya akiba, matatu yanunue motokari, na la nne lingoje. Litahitajiwa kwa mipira, springi, breki na mafuta kabla ya safari ya kwanza. Asiyeweza kuacha fungu hilo hajaweza bado kununua; na afadhali jamaa mbili za ukoo mmoja zikodi motokari njema pamoja na dereva wake mara moja kwa mwaka, kuliko kila moja kununua gofu kwa ada ya shule. Babu atafurahi kuwaona wajukuu. Hatauliza motokari ni ya nani.

Wakristo wengi humwomba padri aibariki motokari kabla ya safari, na medali ya Mtakatifu Kristofa huning'inia mbele ya dereva. Ni desturi njema. Mtakatifu huyo yasimuliwa alimvusha Mtoto mtoni juu ya mabega yake mwenyewe, akipima kila hatua kwa fimbo. Na anayenunua motokari avae moyo huo: aichague kwa ajili ya siku iliyo mbaya kuliko zote katika mwaka, na kwa ajili ya mtoto aliye mdogo kuliko wote ndani yake. Ikiyatosha hayo mawili, rangi yake iwe yoyote.