Kanisa na Eklezia

Hapa kwetu Buganda neno "kanisa" lina mwenyewe. Ekkanisa ni ya Waanglikana; Wakatoliki husema Eklezia. Mimi nimezaliwa upande wa kwanza, mke wangu upande wa pili, na wazee wetu wangali wanagombania mahali pa kumbatizia mtoto.

Lakini maneno yenyewe, ndugu msomaji, hayagombani. Kanisa lilitoka katika Kiswahili, nacho kililipata kwa Waarabu; asili yake ni Kiaramu, maana yake kusanyiko. Eklezia ni Kiyunani: mkutano wa watu walioitwa. Hakuna lililotaja jengo. (Wazee hawapendi nikilisema hili.)

Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Haya, mwanangu, kusanyiko hilo litakutana wapi Jumapili?"

Sijamjibu. Mtoto anatimiza miezi mitatu.