Karatasi Ndani ya Kopo

Mwaka 1987 nilishuka stesheni ya Shinyanga na sanduku la bati na galoni ya mawese. Nilitoka Ujiji, nikabadilisha treni Tabora, naenda kuwa mke wa mtu Maganzo. Mume wangu tulijuana bandarini Kigoma, alikokuwa kibarua. Aliposikia wenzake wameokota almasi kwao, akarudi, nami nikamfuata.

Asubuhi ya kwanza nilimwamkia mama mkwe kwa adabu zote za Ujiji: shikamoo, mkono mbele, nimesimama wima. Mawifi wakaangua kicheko. Mmoja akanivuta pindo la khanga mpaka magoti yakagusa vumbi, akaninong'oneza, "Sema mwangaluka, mayu." Nikasema. Mama mkwe akaitikia, kisha akamgeukia mwanawe: "Huyu Muha anajua kutwanga?"

Muha. Hilo ndilo likawa jina langu miaka minne, hadi nilipozaa mtoto wa kiume nikaitwa mama fulani. Mawese yaliisha wiki ya tatu. Nikazoea vyakula vyao vya kukaushwa, nsansa na michembe, nikazoea kuamka saa kumi usiku kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu, nikingoja maji yajichuje kata kwa kata. Barua kwa mama ilichukua mwezi, na nilimwandikia kwamba sijambo.

Maganzo imeota ubavuni mwa mgodi wa Mwadui, ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940. Mwaka 1947 lilipatikana humo jiwe la almasi la rangi ya waridi, la karati hamsini na nne na ushee, Williamson akalitoa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Yeye mwenyewe alikufa bila kuoa. Bibi harusi wa London alipata jiwe. Sisi mabibi harusi tulioletwa lilikotoka jiwe tulipata chekeche. Tulishinda juani tukichekecha mchanga ambao wengine walikwisha kuuchekecha, tukikodoa macho kutafuta kinachong'aa, na mara nyingi kilikuwa kipande cha chupa.

Kwenye chekeche ndiko nilikompata ndugu. Alikuwa Mnyaturu wa Singida, naye kaolewa mbali, naye kapoteza jina. Alinifundisha Kisukuma cha sokoni, nikamfundisha kukaanga dagaa wa Kigoma. Tukaacha mchanga, tukafungua banda la mama lishe kando ya barabara ya Mwanza: wali, maharage, dagaa. Nilipojifungua yeye ndiye aliyenikanda. Mtoto wake alipougua, mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Miaka ya tisini dhahabu ya Geita na Kahama ikawaita wanaume. Wetu wakaenda Nyarugusu. Walirudi na fedha, walirudi mikono mitupu, na kuna miezi ambayo hawakurudi kabisa. Banda ndilo lililolisha nyumba zote mbili. Mwaka 1994 nilinunua kiwanja kwa fedha ya dagaa, na karatasi ya mauziano nikaandikisha kwa jina langu, mwenyekiti akagonga muhuri. Niliikunja, nikaitia ndani ya kopo tupu la maziwa, kopo nikalifukia chini ya mafiga. Sikumwambia mume wangu. Wala mwenzangu sikumwambia. Nilijisemea ana mdomo mwepesi, siri itafika ukweni kabla ya jua kuzama.

Mwaka 1998 mume wa mwenzangu akafukiwa na kifusi. Arobaini haijafika, mashemeji wakaja kuhesabu mabati. Kila mwenzangu alichojenga kwa jasho la banda kilikuwa kwa jina la marehemu, na mila za urithi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinamwambia mjane hana fungu: atunzwe na watoto wake, au arithiwe na shemeji. Alikataa kurithiwa. Akapanda lori la Singida na sufuria mbili. Watoto walibaki. Alipokuwa akipanda aliniuliza, "Wewe utafanyaje, dada?" Nikamjibu, "Mungu anajua." Kopo nalo lilijua.

Wangu alifariki mwaka 2006. Mashemeji wakaja na daftari. Nikafukua mafiga, nikawapa karatasi waisome wenyewe. Walisoma mara mbili, wakaondoka.

Siku hizi bi harusi hashuki kwa treni. Wa jirani yangu ameletwa juzi kwa basi kutoka Tanga, na kila jioni anamwona mama yake kwenye simu. Maji ya Ziwa Victoria yako bombani. Hakuna wa kumvuta pindo la khanga. Lakini nimemkuta nyuma ya choo akifuta machozi, bando limekwisha, akaniuliza, "Mama, mbona hawaniiti jina langu?"

Nikajua safari imefupishwa, ugeni uko palepale. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki ya kumiliki sawa na mwanamume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa, baada ya wajane wawili wa Kitanzania kulalamikia mila hizihizi za Kisukuma, iliitaka serikali izibadilishe. Lakini sheria haiji jikoni kukuamsha. Anayekuja jikoni ni jirani.

Watu hutusifu sisi tulioolewa mbali kwamba tuna moyo wa chuma. Mwenzangu alikuwa na moyo kunishinda, na moyo haukumwachia hata bati moja. Alichokosa ni karatasi, na rafiki wa kumwambia.

Binti wa Tanga nimemwita kwa jina lake, nikamwonyesha kopo. Nawe uliyetangulia kuolewa ugenini, usifanye nilivyofanya: ukijua njia, mwambie anayekuja nyuma, tena mwambie mapema.